Mgeni akisema "neat": Kiingereza cha vinywaji kwa wahudumu wa Dodoma

Oda ikiharibika, mara nyingi tatizo si lafudhi ya mgeni. Ni neno moja dogo ambalo mhudumu ameliitikia "yes" bila kulielewa.

Anza na pombe kali, maana huko ndiko hasara ilipo. "Neat" ni kinywaji kitupu: hakuna barafu, soda wala maji. "On the rocks" ni hichohicho juu ya barafu. "Straight up" kimetikiswa au kukorogwa na barafu, kisha kikachujwa. Barafu yenyewe haiingii kwenye glasi. Kazi ipo kwenye "straight" peke yake, kwa sababu mmoja anamaanisha neat na mwingine cha kuchujwa. Uliza: "With ice or without?" Whisky ikishaguswa na barafu hairudi kwenye chupa, na bili inaweza kukuangukia wewe.

"Single" ni toti moja, "double" mbili. Baa za Uingereza hupima ml 25 au 35, wakati Mmarekani amezoea "shot" ya kama ml 44, ndiyo maana huona amepunjwa. Mwonyeshe kipimo chenu kabla ya kumimina. "Pint" nayo ni ml 568 Uingereza, ml 473 Marekani. Kama mnauza chupa za ml 500, mtajie ujazo huo na mambo yaishe.

"Lemonade" kwa Mwingereza ni soda nyeupe. Mmarekani anataka limau, maji na sukari, bila gesi.

Kwenye mvinyo, "dry" ni usio mtamu. Viwanda vya Dodoma hutoa mkavu na mtamu, kwa hiyo soma lebo kabla ya kung'oa kizibo. Mgeni akisema "it's corked", usianze kutafuta vipande vya kizibo kwenye glasi. Nusa: kama unanuka kadibodi iliyolowa, chupa imeharibika. Ibadilishe bila ubishi.

Malipo: "my round" maana yake meza nzima inywe, analipa yeye. "Same again" ni vilevile kwa idadi ileile. "Put it on my tab" ni andika, atalipa mwishoni. Chukua namba ya chumba. "On the house" ni ofa ya baa, usiitamke bila ruhusa ya meneja. "One for the road" ni ya mwisho kabla ya kuondoka, si ya kufungiwa. Na Mwingereza akipokea chenji akasema "cheers", anakushukuru tu.

Maneno ya ulevi sikiliza, usimwambie mgeni usoni. "Tipsy" kachangamka. "Hammered", "wasted" na "plastered" kalewa chakari, usimwongezee. "Pissed" kwa Mwingereza ni kalewa, lakini Mmarekani anayesema hivyo kakasirika: huyo mwitie meneja, si bajaji.