Namna ya Kuchagua Runinga ya OLED kwa Filamu na kwa Gemu

Kabla hujaenda dukani kutazama runinga ya bei kubwa, keti kwanza kwenye kiti chako cha sebuleni saa nane mchana, mapazia yakiwa kama yanavyokaa siku zote, uangalie mwanga unaingilia wapi na unaangukia wapi. Saa tatu usiku ukae hapo hapo uangalie tena. Ninaanza na chumba kwa sababu runinga za daraja la juu zote ni nzuri, na tofauti zake hujitokeza pale tu zinapokutana na mwanga fulani na matumizi fulani. Asiyekijua chumba chake hulipia sifa ambayo macho yake hayataiona kamwe.

Tuchukue runinga tatu ambazo wanunuzi wengi wamezishindanisha: LG G4 na Samsung S95D, zote za mwaka 2024, pamoja na Sony A95L iliyotoka mwaka 2023. Zote ni OLED, maana yake kila pikseli, yaani nukta ndogo inayounda picha, hutoa mwanga wake yenyewe na huzimika yenyewe, kwa hiyo usiku wa kwenye filamu huwa mweusi kweli, si kijivu. Vioo vyake, hata hivyo, vimetengenezwa kwa njia mbili tofauti. Kioo cha LG huongeza kipikseli cheupe kando ya nyekundu, kijani na buluu ili mwanga uwe mwingi, na kwenye G4 kuna pia tabaka la lenzi ndogo mno zinazosukuma mwanga huo utoke mbele badala ya kupotelea ndani. Kioo kilichomo kwenye S95D na A95L huanza na mwanga wa buluu, ambao hupita kwenye chembe ndogo sana zinazougeuza kuwa mwekundu na kijani, bila kuhitaji cheupe. Matokeo yake ni kwamba rangi inapokuwa kali sana, kwa mfano taa nyekundu za nyuma za gari usiku, kwenye kioo hiki cha pili hubaki nyekundu iliyoiva, ilhali kwenye kile cha kwanza huelekea kupauka kidogo.

Uzuri huo una gharama yake, na unaweza kuiona kwa macho bila kipimo chochote. Mwombe muuzaji azime runinga mbili, moja ya kila aina ya kioo, kisha usimame mbele yake chini ya taa za duka. Kioo cha LG kitaonekana cheusi. Kile cha aina ya pili kitaonekana na ukijivu wenye dalili ya zambarau, kwa sababu hakina kichujio cha kuuzuia mwanga wa chumba usirudi machoni. Ndivyo kitakavyokuwa sebuleni kwako mchana, kila panapokuwa na sehemu nyeusi kwenye picha. Samsung wameupa S95D uso usiong'aa, ambao huiondoa karibu kabisa taswira ya dirisha kwenye kioo, lakini mwanga uleule husambaa na kuupunguza weusi. Kwa hiyo, mimi ningeichagua G4 kwa chumba chenye mwanga wa kutosha mchana, A95L kwa mtu anayetazama zaidi usiku taa zikiwa zimepunguzwa, na S95D pale tu dirisha au mlango unapoikabili runinga na hakuna namna ya kuihamisha.

Ikiwa sebule ina mwanga mwingi na runinga hushinda kwenye mpira au taarifa ya habari tangu asubuhi, fikiria pia runinga ya Mini-LED, ambayo kioo chake huangazwa kutoka nyuma na taa ndogo nyingi, kama Sony Bravia 9. OLED hupunguza mwanga wake pale kioo kizima kinapokuwa cheupe, na nembo ya kituo inayokaa pembeni kwa saa nyingi kila siku inaweza hatimaye kuacha alama. Mini-LED haina hofu hiyo, ingawa usiku utaona ukungu hafifu ukiyazunguka maandishi meupe ya tafsiri.

Kwenye filamu, Sony wana sifa moja ambayo haionekani kwenye karatasi ya maelezo. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na kwa kuwa pikseli za OLED hubadilika karibu papo hapo, kila fremu husimama peke yake, na kamera inapogeuka polepole picha huonekana kama inaruka. Runinga nyingi huponya hali hiyo kwa kulainisha mwendo hadi filamu ikafanana na tamthilia ya bei rahisi. A95L huitibu kwa kiasi, na waigizaji hubaki wakionekana kama wanadamu waliopigwa picha kwa kamera ya sinema. Kwa mtu anayependa filamu kwa dhati, hili lina uzito kuliko mwanga wa ziada.

Kwenye gemu, hesabu hubadilika, na jambo la kwanza ni matundu ya HDMI. G4 na S95D zina matundu manne yanayopokea picha ya 4K kwa hezi 120, yaani fremu 120 kwa sekunde. A95L ina mawili tu, na moja kati ya hayo mawili ndilo linalotoa sauti kwenda kwenye saundibaa. Mwenye PS5, Xbox Series X na saundibaa atajikuta amebakiwa na tundu moja la aina hiyo kwa mashine mbili, na atakuwa akichomoa na kuchomeka waya nyuma ya runinga kila siku. Hesabu vifaa vyako kabla ya kulipa. Tangazo la hezi 144 lisikushughulishe ikiwa huchezi kwa kompyuta, kwa maana mashine hizi mbili huishia 120.

Jambo la pili ni muda unaopita tangu ubonyeze pedi hadi uone tendo kwenye kioo. Ukiwasha modi ya gemu, katika runinga hizi muda huo huwa takriban kati ya milisekunde 10 na 20 kwa gemu za fremu 60, na hupungua zaidi zikiwa 120. Mchezaji wa kawaida hawezi kuhisi tofauti iliyopo kati yake, hivyo usiifanye kuwa sababu ya kuchagua.

Aina za HDR, yaani mifumo ya picha yenye mwanga mkali zaidi na vivuli vyenye kina, Dolby Vision ikiwa mojawapo, zinastahili kuangaliwa zaidi. Samsung hawapokei Dolby Vision. LG na Sony wanaipokea. Xbox Series X hutoa gemu za Dolby Vision, PS5 haitoi. Basi mwenye PS5 pekee hapotezi chochote kwenye gemu akinunua Samsung, lakini akiwa mtazamaji wa Netflix, filamu zilizotayarishwa kwa Dolby Vision hataziona kwa namna hiyo.

Ukiwa dukani, usihukumu picha iliyowekwa kwa ajili ya duka, yenye rangi kali na mwanga uliopandishwa hadi mwisho. Omba runinga zote ziwekwe kwenye modi ya filamu, na uone sura ya mtu mwenye ngozi nyeusi akiwa kivulini: je, unaona umbo la shavu na paji la uso, au uso wote umekuwa kitu kimoja cheusi? Picha hiyo itakueleza mengi kuliko samaki wa rangi wanaoogelea kwenye video ya maonyesho. Na kama runinga imeletwa kutoka Marekani, soma kibandiko cha nyuma: iliyoandikwa volti 120 pekee haitafaa kwa umeme wetu wa 230 au 240, na kipokezi chake cha antena hakielewi mfumo wa DVB-T2 unaotumika Tanzania na Kenya, hivyo utalazimika kutumia king'amuzi.

Ukishaifikisha nyumbani, na ikiwa una PS5, fungua mipangilio yake ya HDR yenye hatua tatu. Kwenye runinga ya LG, chagua kwanza HGIG, mpangilio unaoiachia mashine ya gemu kazi ya kupanga mwanga wa HDR, kisha katika hatua mbili za mwanzo pandisha mwanga mpaka alama iliyo katikati ipotee tu, usiendelee mbele; katika ya tatu, teremsha hadi chini kabisa.

Jambo la mwisho linahusu desturi ya nyumba zetu ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku. OLED hujisafisha yenyewe ikiwa imezimwa kwa rimoti huku ikiendelea kupata umeme, kwa kawaida baada ya saa nne za matumizi. Yangu ilizimwa ukutani kwa miezi kadhaa, hadi siku moja, kwenye picha ya ukungu wa asubuhi, nikaona mistari myembamba imesimama wima kioo kizima. Niliiweka kwenye kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, nikawaomba wa nyumbani waiache soketi ikiwa imewashwa, na baada ya usiku chache mistari ilikuwa imetoweka.