Jinsi ya kuendesha biashara ya kuhifadhi tovuti bila kuchafua mazingira wala kudanganya wateja

Kabla hujanunua seva hata moja, mwandikie mwenye kituo cha data, yaani jengo la kuwekea seva, unakotaka kukodi nafasi. Muulize umeme wake unatoka wapi, PUE yake (kipimo cha upotevu wa umeme jengoni) ya mwaka mzima ni ngapi, na vifaa vilivyochakaa huvipeleka wapi. Dai majibu ya maandishi, kwa sababu ipo siku mteja wako atakuuliza hayo hayo, na maneno ya simu huwezi kumwonyesha. Akikutumia picha za vinu vya upepo badala ya majibu, tafuta mwingine.

PUE ni kipimo kilicholetwa mwaka 2007 na The Green Grid, muungano wa kampuni za kompyuta. Chukua umeme wote unaoingia jengoni, ugawe kwa ule unaofika kwenye vifaa vya kompyuta. Kituo chenye PUE ya 1.5 huvuta uniti 15 ili vifaa vipate 10. Tano zilizobaki huishia kwenye viyoyozi, taa na upotevu wa njiani. Vituo bora hukaribia 1.1. Omba wastani wa mwaka, maana msimu wa baridi humpendezesha kila mtu. Uliza na maji pia: kuna vituo vinavyopunguza umeme wa viyoyozi kwa kupoza hewa kwa maji yanayovukizwa, basi namba inashuka huku wakazi wa jirani wakigombea kisima na mashine. Na kumbuka PUE haisemi lolote kuhusu chanzo. Kituo chenye 1.1 kinachoendeshwa kwa makaa ya mawe bado kinachoma makaa ya mawe.

Kwenye chanzo ndiko udanganyifu mwingi hupita. Vyeti vya nishati jadidifu, yaani hati za kuthibitisha kuwa umeme fulani ulitokana na jua, upepo na kadhalika, huweza kuuzwa kando na umeme wenyewe. Kituo kinaweza kutumia umeme wa gesi usiku kucha, kikanunua vyeti vya umeme wa jua uliozalishwa mchana mahali pengine, kisha kikatangaza asilimia 100. Mwongozo wa mwaka 2015 wa GHG Protocol, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, unataka hesabu mbili: moja kwa kuangalia gridi unakotoa umeme, nyingine kwa kuangalia mikataba na vyeti ulivyonunua. Chapisha zote mbili, hata kama ya kwanza inakuumiza. Mkataba wa miaka mingi uliowezesha mtambo mpya kujengwa nauthamini kuliko rundo la vyeti vya bei rahisi, na miti iliyopandwa mahali fulani siiingizi kwenye hesabu ya umeme kabisa. Wapo Green Web Foundation, wanaotunza orodha ya watoa huduma wanaotumia nishati safi na kuomba ushahidi. Jiandikishe kwao, ili mtu asiye na maslahi na biashara yako azisome karatasi zako.

Sasa seva zenyewe. Mashine iliyowashwa bila kazi haikosi kula umeme. Hula sehemu kubwa ya ule ambao ingekula ikiwa imeelemewa. Kwa hiyo tovuti nyingi ndogo kwenye mashine chache ni bora kuliko kila mteja na mashine yake iliyolala. Mimi hujaza mpaka karibu theluthi mbili za uwezo, nikaacha nafasi ya siku zenye wageni wengi. Pitia orodha yako mara kwa mara na uzime seva za majaribio zilizosahaulika.

Je, ununue mpya au iliyotumika? Inategemea gridi yako. Penye umeme safi, kaboni nyingi ya seva ilishatoka kiwandani na migodini, hivyo mashine iliyotumika, ikibadilishiwa diski, ina thamani kubwa, na uitunze kadiri vipuri na usalama vinavyoruhusu. Penye umeme mchafu, mashine ya zamani inayofanya kazi kidogo kwa kila wati inaweza kukugharimu kaboni zaidi ya mpya. Pima kwa kifaa cha kusoma wati huku tovuti halisi zikifanya kazi. Karatasi ya mtengenezaji haitoshi.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Diski nyingi husagwa zikiwa nzima kwa hofu ya data. Zisimbe kwa ufunguo tangu siku ya kwanza, ili data isisomeke bila ufunguo huo. Ukifika wakati wa kuziuza, haribu ufunguo, futa, hakiki, na uandike namba ya kila diski. Anayechukua mabaki akupe risiti yenye namba hizo.

Kwa mteja, anza na tangazo lako. Usiuze nafasi “bila kikomo”, kwa sababu kila diski ina mwisho, na anayeiuza anategemea wengi wasitumie walicholipia. Bei ya mwaka wa pili ikae kando ya bei ya mwaka wa kwanza, kwa herufi za ukubwa ule ule. Cheti cha usalama cha kawaida, kinachosimba mawasiliano kati ya tovuti na msomaji, mpe bure; shirika la Let's Encrypt wanavitoa bila malipo tangu 2015, na sioni sababu ya kukitoza. Akitaka kuhama, mpe nakala kamili ya faili na hifadhidata yake katika muundo unaofunguka kwingine, pamoja na namba ya siri ya kuhamishia jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yake. Kanuni za ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, humpa msajili wa jina siku tano tangu mteja aombe. Wewe fanya siku hiyo hiyo.

Mwonyeshe pia tovuti yake inasafirisha data kiasi gani, na kurasa zipi ni nzito. Washa kache (nakala za muda za kurasa), bana picha, zuia roboti, yaani programu zinazozoa kurasa zile zile usiku kucha. Hilo hupunguza umeme na hufanya tovuti ifunguke haraka kwa mwenye simu dhaifu.

Malalamiko ya ulaghai yasomwe na mtu, na ukurasa mmoja ulioingiliwa na wezi usikufanye uzime tovuti nzima ya mteja bila kumpigia simu. Anayekesha akizilinda seva alipwe kwa zamu hiyo, na asubuhi yake asipangiwe kazi.