Mwite mkaguzi kabla ya Desemba: kuandaa hesabu za kampuni yako kwa ukaguzi wa nje

Mei ikiingia, simu ya ofisi yetu ya ukaguzi hapa Chumbageni, Tanga, hailali. Wanapiga wenye malori, wauza vifaa vya ujenzi wa Ngamiani, wakulima wa mkonge wa Muheza na Korogwe, na shida yao ni moja: hesabu zilizokaguliwa zipatikane kabla ya 30 Juni. TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, inataka ritani ya mapato ndani ya miezi sita tangu mwaka wa hesabu ufungwe, na kampuni nyingi hufunga 31 Desemba. Ninawaelewa. Lakini mkaguzi anayeitwa Mei amekwisha kupitwa na siku moja isiyorudi, siku ambayo mali ilikuwa ghalani na ingeweza kuhesabiwa mbele ya macho yake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia Oktoba.

Kwanza tuelewane jambo moja. Hesabu za mwaka ni za kampuni. Wakurugenzi ndio wanaoziandaa na ndio wenye jukumu nazo kwa mujibu wa Sheria ya Makampuni ya 2002. Mkaguzi huja kutafuta ushahidi kama hesabu hizo zinaonyesha hali halisi, kisha huwaandikia wanahisa maoni yake, ambayo tunayaita hati. Ukimkabidhi mfuko wa risiti akutengenezee hesabu, halafu yeye huyohuyo akazikague, umejinyima kile unacholipia. Mfunge vitabu wenyewe, au mwajirini mhasibu wa kuvifunga, na mkaguzi akute urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, uliokamilika.

Kumpata na kumpima

Mtu anayeruhusiwa kutia sahihi ripoti ya ukaguzi ni aliyesajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, akiwa na cheti hai cha kutoa huduma hiyo kwa umma. Kufaulu mitihani ya uhasibu ya CPA pekee hakutoshi. Mwombe cheti, kisha hakikisha kwa bodi yenyewe. Hakuna mkaguzi makini atakayekasirika kwa kuulizwa.

Halafu pima uhuru wake. Asiwe na hisa kwenu, asiwe amewakopesha wala kukopeshwa nanyi, asiwe na undugu wa karibu na wakurugenzi au mhasibu wenu. Tanga tunajuana. Tumesoma pamoja, tumeoana, tunakutana misibani. Kwa hiyo swali hili liulizwe waziwazi siku ya kwanza, na majibu yaandikwe. Kwangu, mkurugenzi akiwa mjomba wa mmoja wa vijana wangu, kijana huyo haligusi faili hilo hata kupanga vocha. Ada nayo isifungwe na matokeo. "Tukipata hati safi tutakuongezea" ni sentensi ambayo maadili ya taaluma yanaikataza, na mkaguzi anayeikubali amekwisha kukuonyesha thamani ya sahihi yake.

Wanahisa wamteue kwenye mkutano mkuu, muhtasari uandikwe, na pande mbili zitie sahihi barua ya makubaliano ya kazi. Kama mnabadilisha mkaguzi, mpe ruhusa mpya amwandikie wa zamani amuulize kama kuna sababu ya kitaaluma ya kuikataa kazi hiyo. Mkurugenzi akizuia mawasiliano hayo, mimi kazi siichukui. Wakati wa kulipa ada, kateni kodi ya zuio ya 5%, muipeleke TRA na mumpe mkaguzi cheti chake.

Siku ya kuhesabu mali

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Mali ya mwisho wa mwaka ikiongezwa shilingi milioni 10 kwenye karatasi, faida inaongezeka milioni 10 papo hapo, na hakuna risiti hata moja iliyoghushiwa. Marekani walilijua hili kwa uchungu mwaka 1938. Kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins ilikutwa na bidhaa za takriban dola milioni 10 na wadaiwa wa takriban dola milioni 9 wasiokuwapo kabisa, na hesabu zake zilikuwa zimekaguliwa. Wakaguzi walikuwa wameangalia karatasi tu, kwa kuwa kwenda ghalani hakukuwa sharti wakati ule. Mwaka uliofuata taaluma ya huko ikalifanya sharti: mkaguzi ashuhudie uhesabuji, na awaandikie wadaiwa moja kwa moja.

Nichukue ghala la mkonge, kwa kuwa ndilo ninaloingia mara nyingi. Robota moja lina uzito wa kama kilo 250, limeshindiliwa na kufungwa, na ubavuni lina alama ya shamba, namba na daraja. Siku moja kabla, mtunza stoo ayapange marobota kwa madaraja na kuacha njia za kupita katikati. Asubuhi ya kuhesabu, mzigo usiingie wala usitoke. Kama lazima utoke, uandikwe pembeni na mkaguzi aambiwe kabla lori halijawashwa. Wahesabuji waende wawiliwawili, mmoja wa stoo na mmoja wa uhasibu, wakiwa na karatasi zenye namba mfululizo na zisizo na idadi ya kwenye leja. Mtu akishaona leja inasema 412, atahesabu mpaka afike 412. Kila robota lililohesabiwa lipigwe alama ya chaki.

Mkaguzi hupima kwa njia mbili. Huchukua namba kwenye karatasi akaenda kulitafuta robota lenyewe, ili kujua kama lililoandikwa lipo. Kisha huchagua robota sakafuni akalitafuta kwenye karatasi, ili kujua kama lililopo limeandikwa. Njia moja bila nyingine huacha tundu. Mimi huomba na ngazi. Mlundo mrefu ukiutazama kwa mbele unaonekana umejaa hadi ukutani, na huwezi kujua mpaka upande juu yake.

"Dada, hapo pote pamejaa, leja inaonyesha."

"Nakuamini, kaka yangu. Tushushe haya matatu ya mbele tuone ya nyuma yake, na moja tulipandishe mizani."

Hakuna aliyetukanwa hapo. Mtunza stoo mwaminifu hufurahia zaidi kuliko wote, kwa sababu jioni ile anapata mtu wa nje anayeweza kusema mali yake ilikuwa kamili.

Kabla ya kuondoka, mkaguzi ataandika namba ya mwisho ya hati ya kupokelea mali na ya hati ya kutolea. Mwandalieni. Namba hizo ndizo zinazotenganisha mwaka na mwaka. Chukua marobota yaliyopelekwa bandarini 30 Desemba: ni mauzo ya mwaka huu au ya mwakani? Kama mmeuza kwa masharti ya FOB, mzigo ni wenu mpaka upakiwe melini. Robota lililolala kwenye shedi ya bandari ya Tanga usiku wa 31 Desemba ni mali yenu ya kuhesabiwa, hata kama ankara imekwisha kuandikwa. Na mzigo wa jirani mliyemhifadhia utengwe na uwekewe kibao.

Aliyechelewa kumwita mkaguzi hajapoteza kila kitu. Mali inaweza kuhesabiwa siku nyingine, kisha mkaguzi akarudi nyuma kwa hati za kuingiza na kutoa mpaka afike 31 Desemba. Hilo linawezekana pale kumbukumbu zilipo safi na hazina namba zinazoruka. Zisipokuwa safi, na mali ikiwa sehemu kubwa ya mizania, hakuna namna ya kukwepa hati yenye shaka. Tena doa hilo linavuka mwaka, kwa kuwa mali ya mwisho wa mwaka huu ndiyo mali ya kuanzia ya mwaka unaofuata.

Barua zisizopita mikononi mwako

Mkaguzi atataka benki imthibitishie salio, mikopo na dhamana. Kampuni inatia sahihi barua ya kuiruhusu benki, lakini mkaguzi ndiye anayeituma na jibu linarudi kwake. Usijisumbue kumsaidia kwa kuifuata barua benki na kumletea mezani. Najua unafanya kwa wema, ila ushahidi uliopita mkononi mwa anayekaguliwa umepungua nguvu. Wirecard ya Ujerumani ilianguka Juni 2020 ilipobainika kwamba euro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwa kwenye akaunti za benki huko Ufilipino hazikuwapo, na hesabu za miaka ya nyuma zilikuwa zimepata hati safi.

Wadaiwa ni hivyohivyo. Andaa orodha yenye jina, kiasi, umri wa deni na anwani, umwache mkaguzi achague wa kuwaandikia. Mwarifu mteja mapema kwamba barua itakuja, na kwamba si ya kudai pesa. Asipojibu, mkaguzi ataangalia kama alilipa Januari au Februari, kwa hiyo taarifa za benki za miezi hiyo ziwe tayari.

Sasa kuna lipa namba. Maduka mengi hupokea nusu ya mauzo kwa simu, na mara nyingi namba imesajiliwa kwa jina la mkurugenzi au mkewe. Isajilini kwa jina la kampuni. Kama mwaka umekwisha kupita, chapisheni taarifa yote ya namba hiyo, mtenganishe pesa ya biashara na ya nyumbani mstari kwa mstari. Kisha wekeni mauzo ya kila mwezi sambamba katika safu tatu: leja, ripoti za Z (jumla za mauzo ya siku) za EFD, yaani mashine ya risiti, na ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Zikitofautiana, andikeni sababu kabla hamjaulizwa. Kwangu, karatasi hiyo moja huokoa siku nzima ya maswali.

Mengine nayapitia haraka. Usuluhishi wa benki wa kila mwezi, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, hasa wa Desemba. Vocha zikiwa na viambatisho. Mikataba ya pango na mikopo. Malipo ya hifadhi ya jamii (NSSF) na ya kodi ya mishahara (PAYE). Daftari la mali za kudumu, na hapo angalia kadi za magari: lori lililo kwenye mizania ya kampuni huku kadi ina jina la mkurugenzi litaleta mjadala. Wenye mashamba ya mkonge waandae ramani ya vitalu yenye ukubwa na mwaka wa kupandwa. Kwa kampuni zinazofuata viwango kamili vya IFRS, yaani viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, shina la mkonge hushughulikiwa kama mtambo tangu mabadiliko ya IAS 16, kiwango cha mali za kudumu, yaliyoanza kutumika 1 Januari 2016: gharama zake hulimbikizwa mpaka likomae, kisha hushushwa thamani kwa miaka litakayokatwa majani. Bila mwaka wa kupanda, hesabu hiyo haina pa kuanzia.

Kampuni za kifamilia zina lao pia. Pesa aliyochukua baba kulipia ada za shule, kiwanja cha mama ambacho kampuni inakipangisha, mkopo wa shemeji. Haya si aibu wala si marufuku, lakini lazima yaonekane kwenye maelezo ya hesabu. Yaorodheshe mwenyewe. Mkaguzi akiyafukua peke yake kwenye vocha, ataanza kujiuliza ni mangapi mengine hayajasemwa, na ana haki kisheria ya kuviona vitabu vyote na kupata maelezo kutoka kwa kila ofisa wa kampuni.

Hati na barua

Mwishoni wakurugenzi hutia sahihi barua ya kuthibitisha waliyomweleza mkaguzi. Isome kila kifungu, usiisaini kama risiti ya mzigo. Kisha inakuja hati. Safi maana yake hesabu, kwa mambo yote yenye uzito, zinaonyesha hali halisi. Haina maana kwamba hakuna senti iliyoibwa, kwani mkaguzi hupima sampuli na hujiwekea kiwango cha uzito, yaani ukubwa wa kosa linaloweza kumpotosha msomaji wa hesabu, ambacho mara nyingi huwa karibu 5% ya faida kabla ya kodi. Yenye shaka ina eneo lililotajwa ambalo haliko sawa au halikuthibitika, na mengine yako sawa. Isiyoridhisha inasema hesabu zimepotoka kwa upana. Ya nne, mkaguzi hushindwa kutoa maoni kabisa kwa kukosa ushahidi. Benki ikipokea hesabu zenu, husoma ukurasa huo kabla ya faida.

Pamoja na hati, daini barua kwa menejimenti, ile inayoorodhesha udhaifu alioukuta: hundi zinazosainiwa na mtu mmoja, stoo isiyo na kadi, mshahara unaolipwa bila mkataba. Wengi huiweka kabatini mara BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na TRA wakishapata nakala zao. Nawasihi msifanye hivyo. Kaeni na mhasibu na mtunza stoo, kila hoja ipate jina la atakayeishughulikia na tarehe, na majibu yarudi kwa mkaguzi kwa maandishi kabla ya Oktoba, atakapoanza kupanga kazi ya mwaka mwingine na kuamua ni wapi apekue zaidi.