Kupunguza dawa za usingizi na wasiwasi kwa tiba mtandao: kwa ndugu wa Mtwara na Lindi mlio ughaibuni

Watu wa kusini tulioko nje ni wengi, na baadhi yetu tunameza kidonge kila usiku bila mtu yeyote wa nyumbani kujua. Zamu za usiku kwenye nyumba za wazee Uingereza, malori ya Marekani, kazi za ndani Muscat: usingizi unagoma, moyo unakwenda mbio, daktari anaandika diazepam ya wiki mbili, na wiki mbili zinageuka miaka. Kisha inafika siku mtu anasema, basi, naacha. Haya niliyoyaandika ni ya siku hiyo. Usiache ghafla, na usiache peke yako: tiba mtandao, yaani daktari wa kwenye simu, inaweza kukushika mkono.

Dawa ninazozizungumzia ni za makundi mawili. La kwanza ni za wasiwasi na usingizi: diazepam (ambayo wengi tunaiita Valium), lorazepam, alprazolam na clonazepam, pamoja na zolpidem na zopiclone zinazofanya kazi kwa njia inayofanana. Mwili unaweza kuzizoea ndani ya wiki chache, hata kwa mtu anayemeza kama alivyoandikiwa. La pili ni za sonona, kama sertraline, citalopram, paroxetine na venlafaxine. Hizi hazimpi mtu ile kiu aliyonayo mlevi kwa pombe, lakini ubongo unazizoea vilevile. Ukizikata kwa mara moja unapata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, hasira za karibu, na hali fulani kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Paroxetine na venlafaxine ndizo zenye sifa mbaya zaidi kwa hilo.

Wanaotumia lithium, dawa za kifafa, au dawa za kuzuia kusikia sauti, hesabu yao ni nyingine kabisa. Msichukue chochote humu mkakifanyia kazi. Na tuseme wazi: si kila mtu anatakiwa kuacha. Kuna ambaye dawa ya sonona ndiyo inayomwezesha kuamka na kwenda kazini, naye hana deni kwa mtu.

Kwa nini si ghafla

Diazepam na wenzake hutuliza ubongo. Ukimeza kwa muda mrefu, ubongo nao hupunguza utulivu wake wenyewe, ukiitegemea dawa. Ukiiondoa dawa kwa siku moja, kinachobaki ni ubongo usio na kizuizi: jasho, mikono kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, na kwa baadhi ya watu kifafa, kuchanganyikiwa, hata kifo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo juu ya utegemezi na hatari ya kuacha ghafla liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za familia ya diazepam, lorazepam, alprazolam na clonazepam.

Muda wa dalili kuanza hutofautiana. Lorazepam na alprazolam hutoka mwilini haraka, kwa hiyo dalili hugonga ndani ya siku moja au mbili. Diazepam hukaa muda mrefu, na mtu anaweza kupita siku kadhaa akijiona mzima, akajipongeza, kisha mambo yakamgeukia. Ndiyo maana madaktari wengine humhamisha mgonjwa kutoka dawa fupi kwenda diazepam kabla ya kuanza kupunguza. Hesabu ya kuhama ni ya daktari. Miligramu moja ya lorazepam hailingani na miligramu moja ya diazepam hata kidogo.

Kasi yenyewe

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Marekani uliotoka 2025 unashauri, kwa diazepam na wenzake, kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na kutovuka asilimia 25 kila wiki 2. Daktari wako anaweza kwenda polepole zaidi ya hapo. Asilimia hiyo hupigwa kwenye dozi unayomeza sasa, si ile uliyoanzia. Mfano wa hesabu tu, usiufanye cheti: anayemeza miligramu 10 atapunguza 1. Akifika 5, atapunguza nusu miligramu. Kwa hiyo mwisho wa safari ndio wenye hatua fupi kuliko zote, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu miligramu 2 zinaonekana si kitu. Anayeshuka mnazi haachii mikono kwa kuwa ardhi imekaribia.

Dawa za sonona zina tabia hiyo hiyo, pengine zaidi. Kutoka citalopram 20 kwenda 10 mtu anaweza asihisi chochote, lakini kutoka 5 kwenda sifuri akaanguka kitandani. Kiasi kidogo cha dawa hizi kina nguvu kubwa ubongoni kuliko namba yake inavyoonyesha. Usiruke siku, leo unameza na kesho unaacha, ukidhani ndiyo kupunguza. Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, huko ni kupanda na kushuka kila siku.

Vipande vidogo vinapatikanaje? Kwa vidonge vya nguvu ndogo, kwa kifaa cha kukatia vidonge kinachouzwa famasi, au kwa dawa ya maji inayopimwa kwa sirinji. Diazepam ya maji ipo Uingereza, mwombe daktari. Usisage kidonge ukakoroga kwenye glasi ya maji, kwani diazepam haiyeyuki vizuri kwenye maji, na utakayokunywa asubuhi haitalingana na ya jioni. Vidonge na kapsuli vinavyoachia dawa polepole havikatwi wala kusagwa bila mfamasia kuruhusu.

Ukizidiwa baada ya hatua fulani, unasimama hapo hapo wiki kadhaa, au daktari anakurudisha hatua moja. Huko si kushindwa. Mimi ningemshangaa zaidi anayeniambia alishuka moja kwa moja bila kusimama popote.

Daktari wa kwenye simu

Tiba mtandao inafaa kazi hii kwa sababu kupunguza dawa kunahitaji mazungumzo mafupi ya mara kwa mara kuliko kupimwa kwa mikono. Ila daktari awe mmoja. Ukiwa na wa kliniki, na wa programu ya simu, na wa famasi unayefahamiana naye, kila mmoja atakuandikia kwa nia njema na mpango utavurugika.

Kabla ya kikao andika jina la dawa lililo chini ya jina la biashara, miligramu, saa unazomeza, na tangu lini. Useme ukweli kuhusu pombe, na kuhusu tramadol kama unaitumia kwa maumivu, kwa sababu pombe au dawa za aina ya tramadol zikikutana na diazepam zinaweza kukukatisha pumzi usingizini. Kipimo cha shinikizo la damu kikiwepo nyumbani, vizuri. Tumia video, daktari auone uso wako na mikono inavyotetemeka.

Kama Kiingereza cha hospitali kinakushinda, NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hutoa mkalimani bila malipo. Omba asiwe mtu wa jumuiya yenu. Kwetu dunia ni ndogo, na habari ya Leicester hufika Newala kabla ya Ijumaa. Mwisho wa kikao omba mpango kwa maandishi: tarehe, dozi, na nini kifanyike mambo yakiharibika usiku. Mpe nakala mtu mmoja unayemwamini. Ukoo mzima hauhitaji kujua.

Vidonge vinavyouzwa mtandaoni bila cheti, achana navyo. Marekani vimekamatwa vidonge vya bandia vyenye sura ya alprazolam na ndani yake fentanyl, dawa ya maumivu yenye nguvu kali inayoweza kuua kwa kiasi kidogo sana.

Safari ya nyumbani

Hapa ndipo mipango mizuri hufia. Ushauri wangu: usipunguze chochote wiki za karibu na safari, wala ukiwa safarini, mpaka utulie. Mwambie daktari, «Nakwenda Tanzania wiki sita, naomba nibaki kwenye dozi hii mpaka nirudi.» Atafurahi kusikia hivyo.

Muulize pia kama anaruhusiwa kukuhudumia ukiwa nje ya nchi. Leseni ya daktari wa Marekani inafuata jimbo alipo mgonjwa wakati wa kikao, na Mtwara si jimbo lake. Wa Uingereza naye anaweza kukataa. Ukilijua hilo mapema utaondoka na dawa za kutosha na barua. Barua iwe na jina la dawa, dozi, ugonjwa na mpango wa kupunguza, na vidonge vibaki kwenye pakiti yenye jina lako, ndani ya begi la mkononi. Kutoka Uingereza, ukibeba dawa zinazodhibitiwa za miezi 3 au zaidi unahitaji leseni ya serikali. Ukiingia Dubai, hata kwa siku moja ya manunuzi, Umoja wa Falme za Kiarabu unataka kibali cha kabla kwa dawa zinazodhibitiwa, na diazepam na alprazolam zimo. Usikubali kumbebea mtu, wala usitume kwa mtu.

Malaria kusini bado ipo, kwa hiyo utaandikiwa kinga. Taja dawa zako na ukatae mefloquine: inaweza kuleta wasiwasi, ndoto mbaya na hata kuchanganyikiwa, na haifai kwa mwenye historia ya sonona au wasiwasi. Kuna nyingine, kama doxycycline au ile ya atovaquone na proguanil. Ukiugua huko na kupewa dawa mseto huku unatumia citalopram au escitalopram, mwambie mhudumu, maana zote mbili zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Na kuna mtego mwingine: jasho, kutetemeka na kichwa kuuma vinaweza kuwa malaria, vinaweza pia kuwa dozi zilizorukwa. Pima damu, na pia sema unachomeza.

Beba akiba ya wiki mbili zaidi. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliharibu barabara ya Dar kwenda Lindi upande wa Somanga na magari yakakwama. Mwezi huo huo nyaya za intaneti za baharini zikakatika, na intaneti ikadorora nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Kwa hiyo muwe na njia ya pili na daktari, hata ujumbe wa kawaida tu, na usingoje bando la siku ya kikao.

Saa nazo. Pakiti imeandikwa 8 pm, shangazi anakukumbusha kumeza saa 8. Andika mwenyewe kwa kalamu: saa 2 usiku. Uingereza iko nyuma yetu saa 3 kipindi cha baridi na 2 kiangazi, tofauti ambayo kwa diazepam si tatizo. Anayetoka Marekani mashariki, saa 7 au 8, apange na daktari, hasa kama dawa yake ni fupi.

Ramadhani ikikukuta Kilwa au Lindi, usianze hatua mpya wiki inayoanza mfungo. Dozi ya mara moja kwa siku inaweza kuhamia futari au daku. Za mara tatu zinahitaji mazungumzo na daktari, na shehe atakukumbusha ruhusa ya mgonjwa. Ukipelekwa kusomewa au kunyweshwa kombe, nenda kama imani yako inakubali, ila kidonge cha usiku kimeze vilevile. Mizizi usiyoijua kataa kwa heshima. Na msimu wa mabibo, uraka utakaokaribishwa nao Tandahimba au Masasi una pombe ya kutosha kukutana vibaya na dawa yako. Gongo sina haja ya kulisema.

Usingoje kikao

Kifafa, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, pumzi kuwa nzito, au mawazo ya kujiua: hapo ni hospitali, si simu. Mtwara mjini kuna Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi mjini ni Sokoine. Njia ya Masasi utazikuta Nyangao na Ndanda. Neno la kwanza mlangoni liwe, «Natumia dawa hii, dozi ya mwisho nilimeza saa fulani.» Anayekusindikiza alijue neno hilo, maana wewe unaweza usiweze kusema, na jamaa wakiona mtu ameanguka wanaweza kufikiria jini kabla ya dawa. Huko nje, Uingereza piga 999, Marekani 911, au 988 kwa mawazo ya kujiua.

Ikiwa mmezaji ni mama

Wengine mnasoma si kwa ajili yenu. Mama yuko Nachingwea, Valium imekuwa ikinunuliwa tangu alipofiwa, na pesa ya dawa unatuma wewe. Kwa wazee dawa hizi huleta kuanguka, kuvunjika nyonga na kusahau, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini usimpigie ukamwamuru atupe vidonge, wala usiache kutuma hela ya dawa ukidhani ndiyo njia ya kumwachisha. Anza hivi: «Shikamoo mama. Naomba uniletee dawa zako zote hapo kwenye kamera nizione.» Pakiti moja moja, asome au mjukuu asome. Piga picha, kisha umwombe anayekaa naye ampeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa na pakiti hizo hizo, aulizie huduma ya afya ya akili, na akupigie wakiwa mbele ya daktari ili usikie mpango. Huenda atakasirika mara ya kwanza. Mpe wiki, umuulize tena, na katikati ya hapo hakikisha dawa haimwishii.