Kweri (ombi la data) ya Postgres, ile programu ya hifadhidata, inaanza fasta halafu inazubaa? Cheki plani kwanza, yaani njia inayotumia kutafuta data
Usikimbilie kuongeza indeksi (orodha ya kuharakisha utafutaji) jamani. Kweri ulioiandaa kwa PREPARE (amri ya kuiandaa mara moja uitumie tena na thamani tofauti), Postgres huipangia plani mpya mara 5 za mwanzo kwa kuangalia thamani ulizoipa, baada ya hapo inalinganisha gharama na inaweza kuhamia plani moja ya jumla isiyoangalia thamani, na hiyo ndo inaumiza pale data haijagawanyika sawa, mfano wateja wa Dar wako 300,000 na wa Mafia 50 tu.

Sasa kwenye sesheni moja piga EXPLAIN ANALYZE EXECUTE (inaendesha kweri na kukuonyesha plani) mara 6, ukiona $1 (alama ya nafasi ya thamani) badala ya thamani yenyewe basi ushaikamata. Jaribu SET plan_cache_mode = force_custom_plan, inayolazimisha plani mpya kila mara, ipo tangu toleo la 12, ila usiiwashe seva nzima, kupanga upya kila mara kunakula CPU.