Kutega kamera nyuma ya nyumba: jinsi ya kujua nani anapita usiku

Sisi tunaoishi huku Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na mbuga ya Queen Elizabeth, kuku akipotea tu lawama inaenda kwa kanu ama fungo, wanyama wa usiku wenye madoa, na kesho yake mtu ameshaweka nyama yenye sumu nyuma ya nyumba, na hiyo sumu haichagui, inaua paka wa jirani, inaua bundi, inaua na huyo kanu ambaye kila usiku alikuwa anakupunguzia panya. Inaniuma sana hii kitu. Ndo maana nawaambia watu, kabla hujamhukumu mnyama tega kwanza kamera, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, uone. Na jambo la kushika toka mwanzo ni kwamba mahali unapoitega ni muhimu kuliko bei uliyolipa, nimeona kamera ya bei ya chini inatoa picha safi kabisa kwa sababu mwenyewe anajua njia za wanyama wake, na ya bei kali inajaza kadi na majani ya migomba.

Hatua ya 1: tafuta njia kabla hujaenda dukani

Amka mapema, hasa asubuhi ya baada ya mvua, zunguka shamba polepole ukiangalia chini. Wanyama wana njia zao, wanapita palepale kila siku: tundu kwenye senyenge lenye manyoya yamenasa, kichochoro chini ya uzio, ukingo wa mfereji, mahali nyasi zimelala. Fungo ana choo chake, anarudi hapohapo, utakuta kinyesi kingi kimejaa mbegu za matunda. Nungunungu anafukua mihogo na saa zingine anaacha mwiba. Nguchiro wenye milia wanaacha vishimo vidogo vidogo kila mahali, wanatafuta wadudu. Ukishajua njia mbili tatu, sasa unajua unahitaji kamera ya aina gani, kwa sababu anayepita mchana na kundi zima sio sawa na anayepita peke yake saa nane usiku.

Hatua ya 2: kuchagua kamera

Megapikseli zilizoandikwa kwenye boksi usizifuate. Nyingi zinaongezwa na programu ndani ya kamera, picha inakuwa kubwa lakini sio safi zaidi. Angalia mambo haya:

- Kasi ya kushtuka. Toka mnyama anaingia mpaka picha inapigwa isizidi nusu sekunde. Ikichelewa unapata mkia tu.
- Muda wa kujiandaa kwa picha ya pili. Nguchiro wenye milia wanatembea kundi, wale wa Mweya, ndani ya mbuga, ambao watafiti wanawafuatilia toka 1995 wanaweza kuwa ishirini na zaidi pamoja, sasa kamera ikilala sekunde thelathini baada ya picha ya kwanza kundi lote limeshapita.
- Taa ya usiku. Nanomita ni kipimo cha mwanga wake: kuna za nanomita 850, zinamulika mbali lakini ukiangalia kamera unaona kimwanga chekundu. Za 940 huoni kitu, ila mwanga wake haufiki mbali. Kwa nyuma ya nyumba mimi nachukua 940, maana mnyama yuko mita tatu tu, na mwizi naye haoni kitu kinawaka.
- Kioo kidogo ndani, yaani skrini ya kuonea picha. Kamera isiyo na kioo inakulazimisha kubahatisha imeelekea wapi.

Za laini ya simu, zile zinazokutumia picha, achana nazo kama kamera iko hatua hamsini kutoka mlangoni, na zingine zimetengenezwa kwa mitandao ya Marekani, utalipa pesa nyingi na laini yako isishike.

Hatua ya 3: mawe (betri) na kadi

Kamera nyingi zinakula mawe manne ama manane ya AA. Mawe ya kawaida yakianza kuchoka nguvu inashuka na taa ya usiku ndo inakufa kwanza, kwa hiyo utapata picha nzuri za mchana na usiku giza tupu, ukadhani hakuna mnyama aliyepita. Ya lithiamu yanadumu sana ila bei yake sio mchezo. Ya kuchaji ni sawa kwa mtu anayeangalia kamera kila wiki, lakini soma kwanza kijitabu cha kamera, jiwe la kuchaji lina volti 1.2 badala ya 1.5 na kuna kamera hazikubali. Usichanganye mapya na ya zamani. Kadi ya GB 32 inatosha, iformati ndani ya kamera yenyewe.

Hatua ya 4: urefu, umbali na pembe

Hapa ndo pa kutumia muda. Kamera haimtambui mnyama, inahisi joto lililosogea mbele ya kitu chenye joto tofauti. Na inahisi vizuri zaidi mnyama akikatiza mbele yake kuliko akija moja kwa moja. Kwa hiyo usiielekeze kamera ndani ya njia, na pia usiiweke imekatisha kabisa kama ni ya polepole, ikae mshazari, nusu nusu, hapo mnyama anakatiza na bado anabaki kwenye picha muda wa kutosha.

Urefu: kwa kanu, nguchiro, panya buku na fungo weka sentimita thelathini mpaka hamsini kutoka chini, yaani chini ya goti. Watu wanafunga kifuani kwa mtu halafu wanalalamika wanaona migongo tu. Umbali: mita mbili mpaka nne. Karibu zaidi ya hapo picha inakosa makali na usiku mnyama anakuwa mweupe kama karatasi. Kama nafasi ni ndogo na huna pa kurudi nyuma, bandika selotepu ya karatasi juu ya sehemu ya taa, mwanga utapungua.

Usifunge kwenye mgomba. Shina lake ni laini, linacheza na upepo, na ukishavuna ndizi unaukata. Simamisha nguzo ya mkalitusi ama tumia mti uliokomaa. Fyeka majani yaliyo mbele tu, yale yanayopunga karibu na kamera, usifanye uwanja, mnyama akikuta njia yake imegeuka atapita kwingine. Paka grisi kwenye nguzo chini na juu ya kamera, siafu na sisimizi wanapenda sana kuingia ndani. Usipulizie dawa ya wadudu karibu na lenzi.

Hatua ya 5: jua na joto la Kasese

Ikweta inapita hapa kwetu, pale Kikorongo, jua linachomoza mashariki na kutua magharibi mwaka mzima na tofauti kidogo tu. Elekeza kamera kaskazini ama kusini. Ukiielekeza mashariki, picha zote za asubuhi ni mwanga mtupu, na asubuhi ndo wanyama wengi wanarudi.

Tatizo kubwa ni mchana. Saa saba saa nane huku ardhi inapata joto karibu na la mwili wa mnyama, basi kihisi kinakuwa kama kipofu, na palepale jani lililochomwa na jua likitikisika kinashtuka. Iweke kamera ielekee kivulini. Na sasa sikiliza hii, maana ndo inawaokoa kanu: kenge anakula mayai na vifaranga, ila yeye sio mnyama wa damu moto, mwili wake mara nyingi uko sawa na joto la mahali alipo, anaweza kupita mbele ya kamera na isishtuke. Usiku kamera inampiga kanu picha akipita zake, mchana haimpigi kenge, halafu lawama yote inamwangukia kanu. Kama mayai yanapotea mchana washa taimulapsi, kamera ipige yenyewe kila dakika moja kuanzia asubuhi mpaka jioni ikiangalia mlango wa banda. Utapitia picha nyingi sana, lakini utamjua.

Hatua ya 6: jaribu kabla ya kuondoka

Weka kamera kwenye hali ya majaribio, tambaa mbele yake kwa magoti na mikono kwenye njia ileile, angalia kama ile taa ndogo ya kamera inawaka. Isipowaka hapo mnyama anapopita, sogeza kamera. Panga tarehe na saa sawasawa, huku magharibi jua linatua karibu saa moja jioni na ukikosea saa huwezi kujua nani alitangulia. Picha tatu kwa mpigo, wepesi wa kuhisi uweke wa katikati, video uache mpaka ujue mahali ni pazuri maana usiku zinamaliza mawe haraka.

Usiweke chakula. Ndizi mbivu zitaleta tumbili na wakishazoea hawaondoki, nyama italeta mbwa wa mtaa mzima, na huku kwetu karibu na mbuga inaweza kuleta kitu kikubwa zaidi karibu na watoto.

Hatua ya 7: majirani

Mwambie jirani, mjulishe na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Kamera isiangalie njia ya watu, bafu wala mlango wa mtu, Uganda tuna sheria ya kulinda data na faragha toka 2019. Picha za watu zilizoingia kwa bahati futa. Funga na kebo na kufuli, weka namba ya siri. Ukitaka kutega ndani ya mbuga hiyo ni habari nyingine, lazima ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori Uganda.

Hatua ya 8: kuiacha na kusoma

Iache wiki mbili bila kuigusagusa, harufu yako inapungua na wanyama wanaizoea. Ukitoa kadi andika daftarini saa, mnyama, na mvua kama ilinyesha. Mwenye kuku akikuuliza, mwonyeshe picha zote kwa mpangilio wa saa, sio moja tu, aone kanu alipita saa tano na kuku walikuwa wazima saa kumi na moja alfajiri mbwa walipoingia. Na ukibahatika kumpata kakakuona, usimwambie mtu wala usirushe kwenye WhatsApp, majangili wasije wakamfuata, ondoa lokesheni kwenye picha, nenda ofisi ya UWA iliyo karibu uwaonyeshe wao.