Mwarobaini na manjano kwa upele unaowasha usiku

Upele unaozungumzwa hapa ni ule wa utitiri. Huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, kwapani, kiunoni na makalioni, na mara nyingi humpata zaidi ya mtu mmoja nyumbani.

Anza na mti wenyewe. Dar es Salaam mwarobaini umejaa mitaani, ila mmelia unafanana nao na watu huchuma bila kuangalia. Jani la mwarobaini limegawanyika mara moja tu: kikonyo kimoja, vijani pande mbili, vimepinda kama mundu na kingo zake zina meno. La mmelia hugawanyika mara mbili au tatu, maua yake ni ya zambarau, na matunda yake ya njano yana sumu. Miti ya kando ya Barabara ya Morogoro iache, imejaa vumbi na moshi.

Chuma majani mabichi, osha, kung'uta maji. Twanga gramu 200 pamoja na gramu 50 za manjano mabichi yaliyomenywa, yale ya sokoni Kariakoo yanafaa, mpaka upate rojo lisilo na nyuzi. Uwiano huu wa nne kwa moja ndio uliojaribiwa India kwa watu 814. Matokeo yalitoka mwaka 1992, na wengi walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Twanga ya siku hiyo hiyo, kwa joto letu ikilala huchacha. Usiongeze mafuta ya taa.

Jaribu kwanza kidogo mkononi. Kisha oga, jikaushe, paka kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha pia. Wanaopaka panapowasha tu ndio wanaorudiwa. Rudia kila siku, vaa nguo kuukuu maana manjano hayatoki.

Siku ya kwanza watu wote wa nyumbani wapake. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku 3 au zaidi, kwani utitiri haudumu mbali na ngozi. Muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata utitiri ukishakufa, msijisugue.

Dawa hii hainywewi, na mafuta ya mwarobaini mtoto asinyweshwe kabisa. Mtoto mchanga, mjamzito au mwenye vidonda vya usaha aende zahanati; huko kuna dawa ya kupaka ya BBE (benzyl benzoate).